Miguu inawaka moto usiku, vidole vina ganzi, vipimo wanasema viko sawa. Nina tatizo gani?

Mama Genge
Wakuu salaam. Nina miaka 46, nauza chakula, kwa hiyo kutwa nzima niko kwa miguu. Tatizo langu lina zaidi ya mwaka. Lilianzia kwenye vidole gumba vya miguu yote miwili, kama sisimizi wanapita ndani ya ngozi. Nikajua ni kandambili zinabana, nikabadilisha. Ikashuka kwenye unyayo, sasa imepanda mpaka kwenye vifundo. Mchana ni ganzi, nakanyaga kama nimevaa soksi nene kumbe niko pekupeku. Kandambili inanichomoka mguuni njiani sijui mpaka mtu anishtue. Usiku ndiyo balaa, nyayo zinawaka moto, shuka ikigusa tu naruka kwa maumivu.

Kutafuta tiba nimetafuta. Zahanati ya kwanza wakasema UTI na taifodi (nchi hii nani hajawahi kuambiwa anavyo vyote viwili siku moja?). Kwingine nikaambiwa gauti, nikaachishwa nyama na maharage, hakuna kilichobadilika. Nikapigwa X-ray ya kiuno, jibu likawa pingili zimeanza kusagika. Sukari kabla ya kula ilisoma 6.4, wakasema iko sawa. VVU sina, kaswende sina, figo nzima. Sasa naambiwa nikapige MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mgongo. Bei nimeitajiwa, nimekaa chini. Bima sina.

Kwa sasa naishi kwa vidonge vya mishipa kutoka duka la dawa na diklofenaki ya kutuliza maumivu. Aliyewahi kupitia hali hii aniambie alianzia wapi.

Kifaru Mpole
Pole sana mkuu. Kapime vitamini D.

Mtu wa Kwetu
Mkuu wewe umekanyagishwa. Genge lina wateja wengi? Wenzako wanapika wali unaorudi nyumbani na sufuria? Basi jibu unalo.

Mama Genge
Mkuu gani jamani, mimi ni mama. Mambo ya kukanyagishwa shemeji yangu ameshanipeleka, nikachanjwa chale, miguu ikaendelea kuwaka na chale zikawasha juu yake.

Tabibu wa Zamu
Pole dada. Mimi ni tabibu, siyo daktari bingwa, na mtandaoni hatupimi mtu. Lakini umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoingia chumbani kwangu, tuyatumie maelezo yako kabla ya kuchoma hela kwenye MRI.

Ramani ya maumivu ndiyo inayosema. Diski ya kiuno, yaani kile kimto kati ya pingili na pingili, ikibana mshipa wa fahamu, mara nyingi ni mguu mmoja: maumivu yanatoka kiunoni au takoni, yanashuka nyuma ya paja mpaka kwenye kigimbi, pengine hadi kidole, na ukikohoa yanapiga. Wewe ni miguu yote miwili sawasawa, imeanzia vidoleni na inapanda. Hiyo ni tabia ya mishipa ya fahamu yenyewe kuugua kuanzia ncha. Mshipa unaofika kidole gumba una urefu unaokaribia mita moja, na chembe inayoulisha iko huko mgongoni. Kitu chochote kinachodhoofisha mishipa mwilini mzima, mirefu inalia kwanza. Ndiyo maana miguu hutangulia, na mikono hufuata baadaye kabisa.

Kuhusu X-ray yako: pingili za mtu wa miaka 46 zikiwa zimeanza kusagika, hiyo ni habari ya umri. Kuna mapitio ya tafiti yaliyotoka 2015 ya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizotuna zilionekana kwa asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 60 ya wenye miaka 50. Kwa hiyo hata MRI ukipiga, kuna uwezekano mkubwa watakuta kitu, na hicho kitu kitabebeshwa lawama ya miguu yako bure.

Halafu hiyo sukari. 6.4 kabla ya kula siyo kisukari, kisukari ni kuanzia 7.0. Lakini kati ya 6.1 na 6.9 ni mlangoni, na kuna watu ambao mishipa huanza kulalamika wakiwa hapo hapo mlangoni. Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu.

Sasa nijibu haya: unameza dawa gani zote, hata zile unazoona hazina maana? Pombe? Umewahi kutibiwa kifua kikuu au kumeza dawa za kukinga TB? Kuna doa lolote kwenye ngozi lisilosikia? Unaweza kutembea kwa visigino vidole vikiwa juu? Ukisimama miguu pamoja ukafumba macho, unayumba?

Bodaboda Mstaarabu
Samahani kuingilia. Mimi ganzi yangu iko upande wa nje wa paja la kulia tu, eneo kama la kiganja, linawaka kama limemwagiwa pilipili. Mguu una nguvu zote. Na mimi ni mishipa?

Tabibu wa Zamu
Unavaa ule mkoba wa hela kiunoni? Mkanda umekaza? Kuna mshipa mdogo wa ngozi unaopita kwenye kona ya mbele ya nyonga, ukibanwa na mkanda, kitambi au jinzi ya kubana unatoa picha hiyo hiyo. Hauendeshi msuli wowote, ndiyo maana nguvu ipo. Legeza, hamisha mkoba begani, upe wiki kadhaa.

Bodaboda Mstaarabu
Mkoba ninao kiunoni hapa naandika. Aisee.

Mama Genge
Tabibu nakujibu. Pombe situmii. TB sijawahi. Madoa sina. Visigino natembea vizuri. Kufumba macho nimejaribu jikoni, nikashika meza haraka, nayumba kweli. Dawa: omeprazoli ya vidonda vya tumbo, hiyo namezea miaka sasa, nikiiacha kiungulia kinaniua. Diklofenaki ninapozidiwa. Na hivyo vidonge vya mishipa, viwili kwa siku, siku mbaya vitatu.

Mfamasia Tanga
Dada, geuza boksi la hivyo vidonge vya mishipa utuandikie kilichoandikwa nyuma, neno kwa neno.

Mama Genge
B1 miligramu 100, B6 miligramu 200, B12 mikrogramu 200.

Mfamasia Tanga
Nilijua. Sikilizeni wote, maana nusu ya mtaa wangu unameza hivi kama karanga.

Mahitaji ya B6 kwa mtu mzima ni kama miligramu 1.3 mpaka 1.7 kwa siku, na chakula cha kawaida kinatosha: ndizi, viazi, samaki, kuku, maharage uliyoachishwa. Wewe unaingiza 400, siku mbaya 600. B6 ni vitamini ya ajabu kidogo, ikipungua inaumiza mishipa ya fahamu, na ikizidi kwa muda mrefu inaumiza mishipa ile ile. Ganzi ya miguu yote miwili, kuungua, kuyumba ukifumba macho, yote yamo. Wamarekani waliweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku. Mamlaka ya chakula ya Ulaya mwaka 2023 ilishusha cha kwao mpaka 12. Kidonge kimoja cha kwako kinavuka vyote viwili.

Na hapa ndipo mtego ulipo. Mtu anaanza na ganzi ya sababu nyingine kabisa, anapewa vidonge, haponi, anaongeza dozi, ganzi inazidi, anaongeza tena. Hakuna anayekishuku kidonge, maana jina lake lenyewe ni dawa ya mishipa.

Cha pili ni omeprazoli. Asidi ya tumbo ndiyo inayoichomoa B12 kutoka kwenye nyama na mayai. Ukiizima miaka mingi, B12 inaweza kushuka, na B12 ikishuka mishipa inaugua. Wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, muda mrefu wako kwenye hatari hiyo hiyo, wengi hawajui. Omeprazoli usiiache ghafla bila kuongea na daktari, kiungulia hurudi kwa hasira. Hivyo vidonge vya B6 nenda navyo na boksi lake ukamwonyeshe.

Kifaru Mpole
Sasa si apime B12 tu amalize?

Mfamasia Tanga
Apime, ila ajue kwamba kidonge anachomeza kina B12 ndani. Damu itaonyesha ipo tele hata kama miezi iliyopita ilikuwa chini na mishipa ikaumia wakati huo. Kipimo kilitakiwa kifanyike kabla ya vidonge. Ndiyo hivyo tena, amwambie daktari alikuwa anameza nini na tangu lini, ili majibu yasomwe kwa akili.

Lishe Bora Tz
Habari mama, tuna virutubisho vyenye uyoga mwekundu na mafuta maalumu vinavyofufua neva ndani ya siku 14, wengi wamepona kisukari, presha na nguvu za kiume. Njoo inbox.

Mtu wa Kwetu
Mimi mliniona mshirikina, huyu anatibu kisukari na nguvu za kiume kwa chupa moja mmenyamaza.

Mzee wa Stesheni
Shikamooni walio wakubwa, kama wapo. Nina 71. Langu ni vigimbi. Nikitembea kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala miguu inakuwa mizito kama imejaa mchanga, lazima nisimame. Kijana wangu anasema ni uzee. Lakini ajabu, baiskeli naendesha mpaka sokoni bila shida yoyote.

Tabibu wa Zamu
Shikamoo mzee. Hiyo baiskeli umetusaidia sana. Ukisimama tu wima maumivu yanaisha, au mpaka ukae au uiname?

Mzee wa Stesheni
Marahaba. Mpaka niiname. Nikiegemea toroli la mtu napata nafuu hapo hapo.

Tabibu wa Zamu
Basi inaelekea njia ya mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo imekuwa nyembamba. Ukiinama inafunguka, ukisimama wima inabana, na kwenye baiskeli unakuwa umeinama. Wewe sasa ndiye mtu ambaye MRI inaweza kuwa na maana kwake, tofauti na dada yetu. Ingekuwa nafuu inakuja kwa kusimama tu bila kuinama, hasa kwa mvuta sigara, ningeshuku mishipa ya damu kuziba, na hapo wanapima mapigo ya mguuni na kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Nenda ukaonwe mzee, usikubali jibu la uzee.

Nesi Mstaafu
Naomba mniruhusu kuweka la haraka, maana nyuzi hizi watu husoma wakiwa na hali tofauti. Ukipata ganzi katikati ya mapaja, pale unapokalia tandiko la baiskeli, au mkojo umegoma kutoka, au haja kubwa inatoka bila kujua, au miguu imelegea ndani ya saa au siku chache, hiyo siyo ya kuuliza humu. Ni hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo udhaifu unaopanda kwa kasi kutoka miguuni kwenda juu baada ya kuharisha au mafua, maana unaweza kufika kwenye pumzi. Na kigimbi kimoja kilichovimba, kina joto na kinauma, hasa baada ya kujifungua, kulazwa au safari ndefu, kinaweza kuwa damu iliyoganda. Msikande!

La pili, mgongo unaouma miezi, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, mkumbuke kifua kikuu cha uti wa mgongo. Nimewaona wengi waliochelewa wakikandwa na mafuta.

La tatu ni ukoma. Watu wanadhani uliisha na wamisionari. Bado unagundulika nchini kila mwaka. Doa lililopauka au jekundu lisilosikia mguso, mshipa uliovimba nyuma ya goti kwa nje au kwenye kiwiko, kidole kinachojikata bila kuuma: nenda kituo cha afya. Dawa ni bure, na mgonjwa akianza matibabu mapema habaki na kilema.

Tarime Boy
Huku kwetu miaka ya 80 kulikuwa na ugonjwa wa miguu wa muhogo mchungu ambao haukulowekwa vizuri wakati wa njaa. Isije ikawa hiyo?

Nesi Mstaafu
Konzo. Swali zuri, lakini hailingani. Konzo inakuja ghafla, miguu inakakamaa na mtu anatembea kwa ncha za vidole, wala haiungui wala haina ganzi ya kudumu. Sumu ya muhogo inagusa njia za kuamrisha misuli. Ya mama ni kinyume, misuli mizima, hisia ndizo zilizoharibika.

Binti wa Makadara
Mimi nina TB, natumia dawa mwezi wa tatu, nyayo zimeanza kuchoma. Baada ya kusoma hapa nimeogopa, maana na mimi nimepewa B6. Niache?

Mfamasia Tanga
Usiache! Afadhali umeuliza. Isoniazidi iliyomo kwenye dawa zako inaondoa B6 mwilini, kwa hiyo wewe unapewa ili kukulinda, na dozi ya kliniki huwa ndogo, miligramu 25 au 50. Hiyo ni hesabu nyingine kabisa na ya kumeza 400 kwa mwaka mzima bila sababu. Rudi kliniki uwaambie nyayo zinachoma, watarekebisha wenyewe. Dawa za TB usiguse.

Mswahili wa Maskati
Asalaam aleikum. Mimi huku Oman nilipimwa umeme wa mishipa, wakachoma visindano miguuni, majibu yakatoka mazuri kabisa. Daktari mmoja akaniambia kwa upole kwamba ni mawazo. Nikaenda kwa mwingine, Mhindi mzee, akanieleza kuwa kipimo kile husoma nyuzi nene za mshipa tu. Nyuzi nyembamba, zinazobeba maumivu na joto, hazionekani mle. Akakata kipande kidogo cha ngozi juu ya kifundo, wakahesabu nyuzi kwa hadubini, zikaonekana chache. Nalisema hili kwa sababu dada akipimwa umeme akaambiwa yuko salama, asirudi nyumbani akijiona mwendawazimu.

Sababu kwangu haikupatikana mpaka leo. Lakini kulijua jina la kinachonitesa kulinipa usingizi ambao dawa hazikunipa.

Tabibu wa Zamu
Waaleikum salaam. Ni kweli, na kwa watu wengi sababu haipatikani hata penye vipimo vyote. Kipimo hicho cha ngozi kwetu si rahisi kukipata, ila kuna vya bei ya chai ambavyo havifanywi kwa uvivu tu: pamba, kijiti chenye ncha, uzi wa plastiki wa gramu 10 wa kugusa unyayo, uma wa kupima mtetemo, nyundo ya kugonga kano la kisigino. Dakika kumi. Dada, daktari asipokuvua viatu, mwambie ungependa aiangalie miguu.

Mama Genge
Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya, biashara na kwaresima havipatani.

Nilikwenda hospitali ya rufaa, kliniki ya magonjwa ya ndani. Nilibeba maboksi yote kwenye mfuko wa rambo, na karatasi niliyoandika kama Tabibu alivyouliza: ilianza wapi, imepanda mpaka wapi, usiku ikoje. Daktari, binti mdogo tu, akaisoma yote halafu akaanza na viatu. Uma wa mtetemo kwenye vidole sikuusikia kabisa, kwenye goti nikausikia. Kano la kisigino halikuruka.

HbA1c ni 6.3. B12 imetoka juu, akacheka akasema anajua kwa nini, boksi liko mbele yake. Damu ya tezi ya shingo sawa. MRI amesema hataki kuiona kwa sasa. Ameandika mambo mawili kwenye faili: sukari ya mlangoni na B6 iliyozidi, akasema hawezi kuapa ni ipi iliyoanza, na kwamba huenda B12 ilikuwa chini zamani.

Vidonge vya mishipa nimeacha. Alinionya kwamba B6 ukiiacha hali inaweza hata kuzidi wiki mbili tatu za mwanzo kabla ya kutulia, nami nashukuru aliniambia, maana ilizidi kweli na ningevirudia. Omeprazoli ananipunguzia taratibu. Diklofenaki amekataza, kwa sababu ya tumbo, na kwa sababu haitulizi moto wa mishipa. Usiku nameza amitriptilini, tulianza na miligramu 10, sasa 25.

Sasa ni miezi kadhaa. Moto umepungua, nalala. Ganzi ya vidole bado ipo, amesema mishipa hurudi polepole sana na mingine hairudi. Uji wa sukari na soda nimeacha, natembea jioni. Miguu naikagua kila usiku kwa kioo, chini ya unyayo, maana juzi nilikuta kijiwe kimenikata sikujua.

Kifaru Mpole
Dada hiyo amitriptilini si dawa ya wagonjwa wa akili?

Mama Genge
Niliuliza hivyo hivyo. Kwa dozi kubwa inatibu sonona, kwa ndogo inapunguza kelele za mishipa. Kinywa kinakauka, na asubuhi kichwa kizito, kwa hiyo naimeza saa mbili usiku badala ya saa nne, maana saa kumi lazima niwe nimewasha jiko.

Mfamasia Tanga
Mwenye presha ya macho, tatizo la mapigo ya moyo, au mzee anayekojoa kwa shida amwambie daktari kabla ya kuandikiwa hiyo. Mzee wa Stesheni, nakuangalia wewe.

Mzee wa Stesheni
Mimi nimepewa miadi ya mwezi ujao. Kijana ndiye anayenipeleka, nimemsomesha huu uzi wote.

Bodaboda Mstaarabu
Mkoba uko begani wiki ya pili, paja bado lina ganzi ila moto umekwisha. Nimewaambia na wenzangu kijiweni, wawili wana hiyo hiyo.